Muulize Dada Fagio: Taka ya kiangazi inarudi masika

Wiki tatu hizi meseji zenu karibu zote ni za taka, mpaka nikajiuliza kulikoni, halafu nikatoka nje nikajionea mwenyewe. Mwezi wa pili huu, jua la kaskazi linachoma mpaka utosini, mtaro wa nyuma ya nyumba yetu umekauka kau na umejaa hadi juu, unavuka kwa kukanyaga chupa za maji na viroba na wala kiatu hakichafuki. Na masika ndo hiyo inabisha hodi, mwezi wa tatu sio mbali. Wengi mlioandika mko Dar kwa hiyo leo naongea Kidar, wa mikoani mtanisamehe ila naamini na kwenu mambo ni yale yale.

Dada Fagio za kazi. Nakaa Kigogo, nyumba yetu iko upande wa bondeni. Kila mvua kubwa ikianza, hasa usiku, jirani yetu wa juu anatoka na viroba vyake vya taka anavimimina kwenye mtaro ili maji yaondoke navyo. Na kweli yanaondoka navyo, yanakuja navyo kwangu. Masika iliyopita niliamka nikakuta pampas mbili jikoni na mi sina mtoto mdogo. Tatizo jirani mwenyewe ni mzee, umri wa baba yangu kabisa, na ndo aliyetuuzia hiki kiwanja. Namwanzaje? – Mama J, Kigogo

Pole mama, hiyo ya pampas jikoni nimecheka halafu nikajiona mbaya kwa kucheka.

Kwanza tumtendee haki mzee. Sio kwamba hajui anachofanya, anajua sana. Uchochoro wenu nina uhakika gari haliingii, labda guta la magurudumu matatu, tena likipata nafasi ya kugeuza. Kiangazi anamlipa kijana wa mkokoteni taka zinaondoka. Masika inaingia, kijana haonekani, na hata lile gari la barabara kubwa linaanza kupotea, kwa sababu taka nyingi za jiji hili zinaenda dampo la Pugu Kinyamwezi na mvua ikinyesha njia za dampo zinakuwa tope, magari yanakwama, yanapanga foleni, gari lililokuwa linapiga tripu mbili kwa siku linapiga moja au linalala hukohuko. Sasa mzee kiroba chake kimeshalowa, kimekuwa kizito kama kimejaa mchanga, funza wanatoka chini, wajukuu wanapita hapo hapo. Usiku mvua inashuka ya nguvu, maji yanapita mbele ya mlango yanakimbia, ya bure, hayadai elfu moja. Ndo hesabu ileile ya wale wanaosubiri mvua kubwa watapishe choo. Mi simtetei ila ukienda kwake ukidhani ni mchafu tu hamtaelewana.

Anachokosea mzee ni kuamini taka imeondoka. Haijaondoka, imehama. Mtaro wenu unaingia mto Msimbazi, na Msimbazi unaanzia huko huko vilima vya Pugu, yaani maji yanatoka Pugu yanakuja kuchukua taka ambazo zilitakiwa ziende Pugu, ukikaa ukafikiria unaweza kucheka peke yako. Kutoka kwenu maji yanashuka Jangwani, ndo pale karibu kila mwaka barabara ya Morogoro inafungwa na mwendokasi unasimama, halafu daraja la Salenda, halafu baharini. Waliokuwepo Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa, ile mvua iliua watu na waliotolewa bondeni wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sisemi ni kiroba cha mzee kilichofanya vile, mvua ile ilikuwa kubwa mno. Ila mtaro uliojaa unaifanya hata mvua ya kawaida iingie ndani kwa watu.

Na nikwambie kitu ambacho watu wengi hawakijui mpaka washike koleo. Chupa za plastiki ndo zinaonekana sana lakini sio zinazoanza kuziba. Chupa inaelea, inapita. Kinachoanza ni kitambaa, salfeti, chandarua kibovu, hiyo pampas, kitu chochote kinachojizungusha. Kinanasa kwenye nondo iliyochomoza au kwenye mdomo wa kalavati, nyuma yake mchanga unatulia, na mitaa yetu ni mchanga mtupu, mchanga ukishatulia chupa nazo zinapata pa kusimama, ndani ya saa moja una ukuta. Kwa hiyo mkitaka kazi ifanyike msihangaike kuokota chupa mita mia, nendeni moja kwa moja kwenye kalavati, ingizeni mkono kwa glavu, toeni matambara. Mita tano za pale kwenye kalavati zina faida kuliko mtaro mzima.

Halafu tope. Jamani tope! Mtaani kwetu mwaka juzi tulichangishana elfu mbili mbili, vijana wakazibua kutwa nzima, mtaro ukawa mweupe unaona sakafu ya zege, tukapiga na picha. Tope wakaliacha pembeni ya mtaro, limepangwa vizuri kama matuta ya viazi, tukaambiwa gari la kulibeba linakuja kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Usiku wa tatu mvua ikapiga, asubuhi tope lote limerudi ndani kama limeitwa kwa jina, elfu mbili zetu tukaziona zinazama. Tangu siku hiyo mi siulizi nani anazibua, nauliza nani anabeba, na kama hakuna wa kubeba bora mjaze kwenye viroba siku ileile mkazibe mashimo ya uchochoroni, tope lenyewe likikauka ni mchanga tu baada ya kutoa takataka.

Sasa mzee. Usimfuate siku ya mvua, siku ya mvua wote mna hasira na mmelowa. Nenda sasa hivi jua likiwa linawaka, asubuhi kabla hajatoka, shikamoo yako ya kutulia, kaa kwenye kigoda, uliza hali ya mguu au chochote kinachomsumbua, usitaje pampas. Mwambie mzee nimekuja kuomba ushauri, wewe ndo mwenyeji, wewe ndo unajua maji ya hapa zamani yalikuwa yanapita wapi kabla nyumba hazijajaa, tunataka kuzibua mtaro kabla ya masika na tunahitaji mtu mzima wa kusimamia, vijana hawanisikilizi mimi. Mtu aliyeuza viwanja vyote hivyo anajua mkondo kuliko injinia, na mzee akishakuwa msimamizi wa mtaro hawezi tena kutoka usiku na kiroba, atajionea aibu mwenyewe. Na kijana wako siku gari likija abebe na kiroba cha mzee, ni hatua hamsini tu.

Ikishindikana kabisa mjumbe yupo, akishindwa mjumbe kuna mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Ila usije ukamrekodi na simu ukamtupia kwenye grupu la wasap la mtaa, nimeona watu wamefanya hivyo, mtaro haukuzibuka na salamu zikafa.

Dada, kiangazi hiki mwenye nyumba wetu anachoma taka uani kila jioni, anafagia majani ya mti wa mkungu anachanganya na takataka zote anawasha. Mwanangu ana pumu. Nikisema anajibu ni majani tu. – Mpangaji, Mbagala

Sio majani tu na yeye anajua, moshi wa majani ni mweupe na unanuka majani, ukiwa mweusi na unakwangua koo hapo kuna plastiki, pampas, soli ya kandambili. Plastiki inayochomwa kwa moto mdogo wa uani ina sumu, na mtoto mwenye pumu ndo wa kwanza kulipa. Mkungu kweli una fujo, unageuka mwekundu halafu unamwaga jani zima kama sahani, kiangazi unafagia asubuhi jioni kumejaa tena. Sasa mwambie hivi: majani nitafagia mimi baba, nitayarundika pale kona ya ukuta yaoze, wewe usiwashe. Anachotaka ni uwanja msafi, sio moto. Majani makavu ukiyamwagia maji ya kuoshea vyombo kila baada ya siku kadhaa yanasinyaa, rundo la kiuno linashuka mpaka magotini ndani ya mwezi mmoja na kitu. Akigoma, bwana afya wa kata anahusika na mambo hayo, na uende na cheti cha kliniki cha mtoto mkononi, sio maneno matupu.

Habari Dada Fagio. Nina miembe minne Kimara, dodo na bolibo. Msimu mzima wa vuli maembe yalikuwa yanaanguka mengi kuliko tunavyokula, nikachimba shimo nikawa natupa humo maganda na yaliyooza. Msimu umeisha lakini shimo bado linanuka na nzi wamehamia kwetu rasmi. Nimwage nini? Kuna mtu kaniambia mafuta taa. – Baba Nne, Kimara

Mafuta taa hapana, tafadhali, hasa kama una kisima. Unacho? Hukusema. Kama unacho na kiko jirani na shimo basi shimo hilo lifukie leo na mwakani uchimbe mbali, tena upande wa chini wa kisima.

Shimo lako limekosa kitu kimoja tu, kikavu. Embe ni maji na sukari, ukilitupa peke yake linachacha, nzi anataga, unapata supu. Fanya hivi: koroga kidogo kwa fimbo ndefu (ziba pua), mwaga majani makavu au pumba za mbao za fundi, mengi, mengi kuliko unavyodhani, halafu funika na udongo unene wa kiganja. Siku chache tu harufu inapungua. Vuli ijayo kila ukitupa ndoo moja ya maembe tupia juu yake ndoo moja au mbili za majani makavu na udongo kidogo siku hiyo hiyo, nzi hatapata pa kutua. Kwa hiyo yale majani ya mkungu ya mwenzako wa Mbagala yangekufaa, mkijuana.

Kokwa usizitie humo, zinachukua muda mrefu mno kuoza. Wenye vitalu vya miche wanazitaka za kuotesha halafu wanabebeshea, ila zikiwa mbichi, kokwa ya embe ikikaa wiki kadhaa haioti tena, kwa hiyo usiwapelekee za mwaka jana. Kuku nao usiwasahau, rundo lenye funza ukiwaachia kuku jioni moja utashangaa.

Na nyie wa bondeni mnaosoma hapa msikimbilie kuchimba, kwenu masika ukichimba futi mbili umekuta maji, shimo la taka litakuwa bwawa. Tumieni tenga au pipa lililotobolewa chini, mliweke juu ya matofali, kanuni ni ile ile.

Dada nisaidie, kona ya mtaa wetu kuna muuza madafu, kijana mzuri tu ana adabu, ila maganda ya madafu anayarundika nyuma ya banda lake. Kiangazi hayana shida yanakauka tu. Mvua zikianza pale panakuwa na mbu balaa, tena wa mchana. Sio mbu wa malaria si ndio? – Mwalimu, Temeke

Mwalimu umeona mbali. Mbu wa mchana, mweusi, miguu ina milia meupe kama soksi za mpira, huyo ni Aedes, mbu wa homa ya dengi. Dar tumepigwa na dengi 2014 na tukapigwa tena 2019, na watu bado wanasema ni malaria iliyogoma dawa. Wa malaria anauma usiku na chandarua kinakusaidia, huyu anakuuma ukiwa umekaa barazani saa nne asubuhi unachambua mchele.

Ganda la dafu lililokatwa juu ni kikombe, tofauti yake na kopo au tairi ni bei tu. Sasa ujanja wa huyu mbu, na hapa ndo kiangazi kinapoingia: hatagi kwenye maji, anataga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Maji yakikauka mayai hayafi, yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yanangoja. Mvua ya kwanza ikijaza chombo yanaanguliwa, na kwa joto letu wiki moja na siku kidogo una mbu anayeruka. Kwa hiyo lile rundo lisilo na shida kiangazi, shida yake ishawekwa akiba humo.

Maana yake ni nini kwa kijana wa madafu? Kila dafu akilimaliza mteja alipasue mara mbili, panga analo mkononi tayari, pigo moja tu la ziada, nusu haishiki maji kama zima, na azilaze kifudifudi. Hapo hapo anaanza kuzikausha, kuna watu wanazichukua kuni, waulizie mama lishe wa jirani. Mwambie kwa upole, nunua dafu kwanza. Nyumbani kwako zungukia siku moja kila wiki, chagua Jumapili, sahani ya chini ya maua, tairi, kifuniko cha ndoo, kopo la rangi alilosahau fundi, ule mpira wa mtoto uliopasuka. Usimwage tu, sugua ukuta wa chombo, mayai yako pale.

Na mtu akishikwa na homa kali na maumivu ya nyuma ya macho kipindi cha mvua aende akapime, asijinywee diklofenaki wala asprini kabla hajajua ni nini, zinaweza kuleta damu kama ni dengi. Panado inatosha wakati anaenda.

We Dada Fagio kila siku unatufundisha usafi. Mi nalipa hela ya taka kila mwezi, risiti ninazo, na gari halijaja wiki ya tatu. Viroba sita viko getini, mbwa wanachana usiku. Na masika hata haijaanza! Niache kulipa? – Nimechoka, Tabata

Ukiacha kulipa kesho atakayeandikiwa barua ni wewe na sio wao, kwa hiyo usiache, lakini usilipe ukanyamaza. Mzoa taka wa mtaa ana mkataba na halmashauri na ndani ya mkataba kuna siku za kupita. Chukua daftari, kila siku ambayo lilitakiwa lije na halikuja andika tarehe, majirani watano wasaini, toeni kopi za risiti, nendeni pamoja ofisi ya mtaa na nakala moja ipelekwe kwa afisa afya. Mtu mmoja akienda analalamika tu, watano wenye daftari wanasikilizwa. Fanyeni sasa hivi kabla ya mvua, maana mvua ikishaanza watakuwa na kisingizio halali cha njia ya Pugu na hapo huna la kusema.

Tena Tabata! Nyie ndo msiokubali mambo, wenye umri watakumbuka dampo la jiji lilikuwa hapo kwenu Tabata, wakazi wakaenda mahakama kuu miaka ya themanini kwa sababu ya moshi na harufu, na wakashinda. Kwa hiyo daftari na majirani watano sio kitu kigeni mtaa huo.

Ila na mimi nikuulize, hivyo viroba sita vina nini? Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni mabaki ya chakula, maganda ya ndizi, ya viazi, ugali uliolala, matumbo ya samaki. Hicho ndo kinachonuka, ndo kizito, ndo kinachomwita mbwa. Kitoe pembeni, kiweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mwenye kuku au nguruwe atakipitia, au fanya kama nilivyomwambia wa maembe. Kinachobaki kwenye kiroba ni kikavu, karatasi, vifungashio (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 ila vifungashio vimechukua kazi yake, tusidanganyane), kinakaa hata wiki mbili getini bila harufu. Chupa za maji mpe yule mama anayepita na kiroba mgongoni, anaziuza kwa kilo. Ukifanya hivyo viroba sita vinakuwa viwili, sio kwamba namtetea mwenye gari, nakuokolea geti.

Pampas hazina ujanja. Zifunge mbili mbili ndani ya kifungashio, fundo la nguvu, ziingie kwenye kiroba cha gari na zisitoke humo mpaka gari lije, hata likichelewa mwezi. Nishakwambia kuna mama Kigogo anazipokea jikoni.

Nauza chapati na supu asubuhi Sinza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafungishwa mpaka saa nne kwa ajili ya usafi, na saa nne supu imeshaisha watu wake. Ni haki kweli? – Supu, Sinza

Hasara unapata, sibishi. Ila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu ndo ya mwisho kabla ya masika, na nina uhakika mbele ya banda lako kuna kalavati ambalo halijafunguliwa tangu vuli. Pika supu yako kama kawaida, ifunike, wape koleo wateja wako waliozoea kukusubiri, saa nne kamili fungua sufuria, wamefanya kazi na wana njaa. Mifupa usitupe mtaroni.